Mwano Usio na Mwenyewe

Watu walicheka. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko mengine yote. Tulikuwa tumeketi katika ukumbi wa hoteli moja hapa Kahama, tumevaa fulana za kufanana zenye jina la redio yetu, tunakula pilau na kuku, wapya kwa wa zamani, tunasherehekea miaka ambayo redio imeishi. Bwana Lutema, aliyekuwa meneja wetu wa kwanza na ambaye siku hizi huitwa huku na huko kufundisha namna ya kutumia vyombo vya habari kuleta amani, alipewa kipaza sauti atukumbushe tulikotoka. Akasimulia jinsi kipindi chetu cha kwanza cha amani kilivyofunguliwa kwa sauti ya yowe, na jinsi wanakijiji walivyotoka mbio na marungu kumsaka mwizi. “Mwizi yuko ndani ya spika, wao wanamtafuta kwenye mahindi!” alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana aliyeketi karibu nami, mtangazaji wa siku hizi, alicheka hadi soda ikampalia. Mimi niliweka tonge chini. Nilingoja Lutema aendelee, maana lile lililofuata analijua kama ninavyolijua mimi. Hakuendelea. Aliwashukuru wafadhili, akaketi, akapigiwa makofi.

Basi nitaendelea mimi. Habari za nilikozaliwa na za wazazi wangu naziruka, hazina kazi hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa Shinyanga mjini, nimetoka chuoni na cheti cha uandishi wa habari, Kisukuma nakijua cha nyumbani, na kazi yangu ya kwanza niliipata kwenye redio hiyo ilipokuwa bado changa, katika nyumba ya kupanga kule Nyahanga. Sebule ilikuwa ofisi. Chumba kikubwa cha kulala kilikuwa studio: kuta zote tulizibandika trei za mayai, mlangoni tukatia kipande cha kioo, na dirishani tukasimamisha godoro la sponji ili kelele za nje zisiingie. Ziliingia hata hivyo. Jirani yetu Mama Sado akitwanga mtama, habari za saa saba zilisomwa kwa mdundo wa mchi wake. Chakula tulikula barazani upande wa nyuma, ugali wa dona na mlenda wa karanga, na jioni chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, vigumu hadi taya zinauma. Tulikuwa wachache na kila mtu alifanya kila kitu. Aliyekuwa karibu nami zaidi ni Masanja, kijana wa rika langu, mtoto wa wafugaji, mwenye sauti nzito iliyomtoka kifuani bila kujilazimisha. Nilimpenda Masanja kama ndugu, na nasema hivyo mapema ili msomaji ajue ninaandika nikiwa upande gani.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa ng'ombe kufa. Upande wa kuelekea Nyarugusu kuna kijiji ambacho sitakitaja, na kando yake palikuwa pamezuka rashi, yaani dhahabu imeonekana na watu wamemiminika kutoka kila mkoa. Wachimbaji walichimba mashimo waliyoyaita maduara, wakasaga mawe kwenye karasha, wakaosha udongo kwa zebaki pembeni mwa kijito kile kile ambako wafugaji walinywesha ng'ombe. Ng'ombe walipoanza kuanguka, wafugaji waliwaangalia wachimbaji, na wachimbaji wakawaangalia wafugaji, na marungu yakaanza kutembea mchana. Ndipo zikaja fedha za mradi wa amani, na pamoja nazo mkufunzi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa dada mpole, sina ugomvi naye. Alibandika makaratasi makubwa kwenye ukuta wa sebule na kutufundisha maneno. Tusiseme mvamizi, tuseme mdau. Mchimbaji ni mdau, mfugaji ni mdau, mwenye karasha ni mdau. Masanja akanyoosha mkono. “Dada, samahani. Na ng'ombe waliokufa nao ni wadau?” Tukacheka wote, na dada wa watu akacheka pia. Lakini Masanja hakuwa anatania kabisa kabisa, na mimi leo ndiyo namwelewa. Kuna maneno yanayosafisha kila kitu hadi huoni tena nani kamwaga sumu na nani kainywa.

Jambo jingine tulilolijua na hatukulitilia maanani ni lugha. Redio ilitakiwa itangaze kwa Kiswahili, na sisi tulikuwa na Kiswahili safi, cha shule, kimenyooka. Kule kijijini vijana walikielewa, wanaume waliozoea minada walikielewa kiasi, lakini akina mama wazee waliokaa na moto wao na mihogo yao walisikia redio kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Tulikuwa tunaandaa kipindi cha kuwapatanisha watu kwa lugha ambayo nusu yao hawaiongei nyumbani. Hakuna karatasi hata moja pale ukutani iliyosema lolote juu ya hilo.

Kipindi kilipewa jina la Tukae Pamoja. Kilichobaki kilikuwa mlio wa kukifungulia, na hapo ndipo Lutema alipoingia na busara zake. Alisimama barazani na kikombe cha chai, akatuambia redio ni dakika ya kwanza, msikilizaji asiposhtuka anahama. “Nataka kitu kitakachomfanya mtu aache jembe,” alisema. Halafu akatabasamu mwenyewe, kwa kufurahia wazo lake. “Mwano.” Nieleze kwa wasiojua. Mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Mtu akivamiwa, akiibiwa ng'ombe, akiona moto, hupiga mwano, na kila anayeusikia lazima afanye mambo mawili: aupige na yeye ili wa mbali wausikie, kisha atoke na silaha akimbilie ulikotokea. Asiyetoka hutengwa, hasalimiwi, hapewi moto, hachotewi maji. Na anayeupiga bila sababu hulipa ng'ombe mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wenye mtemi wao. Lutema hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alikulia kijijini, na siku nyingine, akiwa na furaha, alikuwa ametusimulia jinsi alivyokuwa akikimbilia mwano na fimbo ya kuchungia alipokuwa mdogo.

Masanja aliweka kikombe chini. “Mkuu, mwano haupigwi bure.”

“Nani kasema bure? Ni kwa ajili ya amani.”

“Kwetu ukipiga na hakuna shida, unalipa ng'ombe.”

“Huko kwenu porini,” Lutema alisema. “Hii ni redio, Masanja. Kila mtu atajua ni redio. Acha ushamba.”

Neno hilo, ushamba, lilimaliza mjadala. Kijana aliyetoka kijijini akapata kazi ya mjini anaweza kuvumilia matusi mengi, lile moja halivumiliki. Masanja akaingia studio. Mara ya kwanza aliupiga kwa sauti ya chini, na Lutema akamgongea kioo: “Piga kama unaibiwa, bwana!” Akaupiga kama anaibiwa. Nilikuwa nje mlangoni, nikageuka kutazama uani. Kabla hajamaliza, Mama Sado alitokea uani mbio, mchi mkononi, kitenge kinamwanguka, macho yamemtoka. “Kuna nini? Kuna nini jamani?” Tulipomwambia ni kazi ya redio alitutazama mmoja mmoja, akasonya, akarudi kwenye kinu chake. Na sisi tukacheka, naam. Lutema alicheka kuliko wote. “Mnaona?” alisema. “Inafanya kazi.”

Kipindi kilikwenda hewani jioni, wakati ng'ombe wanarudi na watu wanakusanyika senta. Kule kijijini palikuwa na duka lenye redio kubwa, na mwenye duka alikuwa na tabia ya kuifungua hadi mwisho ili wateja waje. Waliokuwa pale dukani walishtuka, kisha wakaelewa, na nasikia wengine walitikisa vichwa wakacheka. Lakini watu waliokuwa mabondeni na kwenye mazizi hawakuisikia redio. Walisikia mwano tu. Wakafanya kile walichofundishwa tangu utotoni: wakaupiga na wao, wakatoka. Waliosikia kwao wakaupiga pia. Ukaruka kutoka mji hadi mji, maana kule kila kaya huitwa mji, ukavuka kijito, ukafika vijiji ambavyo havina redio kabisa, kisha ukarudi ulikotoka ukiwa umeongezeka, ukiwa sasa ni mwano wa kweli uliopigwa na watu wa kweli. Hata waliokuwa dukani waliusikia ukitokea ng'ambo, wakaacha soda zao, wakakimbia. Kila mtu aliamini kwamba vita na wachimbaji imeanza. Wakafika kwenye kijito na mikuki na marungu, mamia ya watu, jua linazama, na hapakuwa na mtu. Wachimbaji walikuwa kwenye rashi yao wanakula. Hapakuwa na mwizi wala moto. Na umati mkubwa wenye silaha na hasira, ukishaitwa, hauwezi tu kuambiwa urudi nyumbani ukale. Kuna mtu akasema jina la Bibi Kabula.

Bibi Kabula alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye mji mdogo karibu na kijito, kati ya kijiji na rashi. Ng'ombe walipoanza kufa, palikuwa na watu waliochoka kuwalaumu wachimbaji wenye nguvu na wakaona ni rahisi kumlaumu yeye kwa uchawi, mwenye macho mekundu ya moshi na asiye na mtoto wa kiume wa kumsemea. Yalikuwa maneno ya chini chini tu. Jioni ile yalipata miguu. Waliichoma nyumba yake na ghala la mihogo. Yeye mwenyewe alinusurika kwa sababu alikuwa nyuma, kwenye migomba, na giza lilikuwa limeanza kumficha. Alitembea hadi barabarani na mwendesha pikipiki mmoja, mgeni asiyejua lolote, akampeleka kwa binti yake karibu na Bulyanhulu.

Habari zilitufikia kesho yake asubuhi kwa simu ya binamu yake Masanja. Nakumbuka Masanja alivyokaa kwenye ngazi ya baraza, simu imebaki mkononi, uso umepauka. Tuliingia kwa Lutema wote wawili tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akafunga mlango. Nilidhani anafunga ili tupange namna ya kusema. Alikuwa anafunga ili tusisikike. “Nani anajua kwamba lilikuwa yowe letu?” aliuliza. Hakuuliza bibi yuko hai au vipi. Sijamsamehe swali hilo hadi leo na sioni sababu ya kumsamehe. Kisha akaketi akaandika habari kwa mkono wake: wananchi wenye hasira wamechoma nyumba ya kikongwe kwa imani za kishirikina, redio inawaasa wananchi wadumishe amani. Akanipa niisome. Nikamwambia siisomi. Akaisoma mwenyewe, kwa ile sauti yake nzuri, na alipofika kwenye neno amani alilivuta kidogo kama mtu anayetia sukari kwenye chai ya mgeni.

Siku chache baadaye, mimi na Masanja tulikwenda kumtafuta Bibi Kabula. Binti yake, Mama Shija, alikuwa na mgahawa wa mabati, anawapikia wafanyakazi wa mgodi, wachimbaji wadogo na waendesha pikipiki. Alizipokea shikamoo zetu kwa marahaba kavu, akatuketisha nyuma ya pazia, kwenye chumba cha stoo chenye magunia ya mchele na madumu ya mafuta, akatuletea wali maharage na kipande cha samaki. “Kuleni kwanza. Mama anaoga,” alisema. Tulikuwa tunakula pale gizani tuliposikia wateja wawili upande wa pili wa pazia. Mmoja alikuwa ametoka kijijini kuja kutafuta kazi kwenye karasha.

“Sasa ule mwano ulianzia wapi?” mwenzake alimuuliza.

“Hapo ndipo penye kazi. Mimi niliusikia kwa jirani. Jirani anasema aliusikia ng'ambo. Ukienda ng'ambo wanakwambia ulitokea kwetu. Tumeuliza kila mji. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeuanza.”

“Mwano hauna mwenyewe?”

“Hauna. Ndiyo maana mtemi wa sungusungu kanyamaza. Mwano gani unajipiga? Ni yule bibi.”

“Yaani ajiitie watu waje wamchomee nyumba?”

“Ndugu yangu, wale watu unawajulia wapi akili zao? Ila akirudi, safari hii hatachomewa nyumba tupu.”

Nilimtazama Masanja. Alikuwa ameacha kula. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uongo wetu haukuwa wa kuficha aibu tu. Mwano usio na mwenyewe ulikuwa ndio ushahidi dhidi ya Bibi Kabula, na kadiri tulivyonyamaza ndivyo ushahidi ulivyokomaa. Mwenye duka alijua, lakini alikuwa ameziba mdomo: redio ni yake, akisema ukweli faini ya ng'ombe ni yake. Waliokuwa naye dukani walikuwa wateja wake na waliingia kwenye umati pamoja na wengine, nani kati yao angeanza kusema? Watu wengine waliojua ni sisi, tuliokuwa na mnara, mitambo na kipindi kizima cha amani.

Bibi Kabula aliingia akijifuta uso kwa kanga. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umenyooka. Tulipiga magoti kumsalimu. “Mwadila, mayu,” tulisema, tukimwita mama, naye akaitikia, akaketi juu ya gunia, akavuta ungo wa karanga akaanza kubangua. Yote yaliyofuata yalisemwa kwa Kisukuma.

“Nyie ndio redio?”

“Ndiyo, mayu.”

“Ule mwano ulikuwa wenu?” Sijui alijuaje. Labda alikuwa na siku nyingi za kufikiri.

“Sauti ilikuwa yangu,” Masanja alisema.

Alibangua karanga kadhaa kabla ya kumtazama. “Kwenu alikuwa amekufa nani?”

“Hakuna, mayu.”

“Nani aliibiwa?”

“Hakuna.”

“Sasa uliwaita watu waje wafanye nini?”

Masanja aliinamia sahani yake. Machozi yalimtoka, naye bibi hakumbembeleza. “Mimi niliupiga wangu,” aliendelea. “Moto uliposhika nyasi niliupiga kwa nguvu zangu zote, kule migombani, ndani ya kelele zao. Hakuja mtu. Wote walikuwa wameshafika.” Alisema hivyo huku anapepeta maganda, na Mama Shija, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuza uso. Nikamuuliza anataka tufanye nini. Alikasirika kwa swali lenyewe. “Nataka kwangu. Mume wangu amezikwa kule, mihogo yangu iko kule. Hapa nalala juu ya mchele wa watu. Nendeni mkaseme mwano ulikuwa wa nani. Mimi msiniambie, ninajua. Waambieni wao. Wote waliousikia. Na msiseme kwa kile Kiswahili chenu.”

Tulirudi Nyahanga tukamweleza Lutema kwamba kuna mtu atauawa. Sikulipamba neno. Alitusikiliza akiwa anazungusha kalamu. “Tukisema lilikuwa yowe letu, tumekwisha,” alisema. “Wafadhili wataondoka, leseni itakuwa mashakani, na nyie wenyewe mtakula wapi? Halafu mnataka kuwachochea watu upya? Jambo limepoa. Kazi yetu ni kulinda amani.” Nikamuuliza amani ya nani. “Ya wengi, Pendo,” alinijibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto kusoma saa. Nimesikia neno amani likitumika hivyo mara nyingi sana tangu siku ile, na kila ninapolisikia damu inanichemka. Anayeumizwa anaambiwa anyamaze kwa ajili ya amani. Aliyemuumiza haambiwi kitu, kwa sababu yeye hapigi kelele. Juzi pale ukumbini, makofi yalipotulia, nilisimama na fulana yangu ya sherehe nikamuuliza Lutema mbele ya watu wote: “Bibi Kabula yuko wapi kwenye hadithi yako?” Vijana waligeuka kunitazama, hawamjui. Lutema alitabasamu vile vile. “Dada Pendo, tusivuruge sherehe,” alisema. “Tuko hapa kwa amani.” Miaka yote hiyo, na mtu hajabadilisha hata neno.

Mwaka ule, lakini, nilikuwa na funguo za studio. Redio yetu ilikuwa na saa moja ambayo hakuna mtu aliyeizima wala kupiga soga juu yake, nayo ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Hata wasiojua Kiswahili walikaa kimya, wakisubiri kusikia jina la ukoo au la kijiji, na aliyeelewa aliwatafsiria wengine. Siku iliyofuata zamu ilikuwa yangu. Masanja aliketi kwenye mitambo. Nilisoma vifo vyote vilivyoletwa kwanza, kwa heshima, maana wafu hawana hatia. Kisha nikaacha Kiswahili. Nikasema kwa Kisukuma kwamba ule mwano wa jioni fulani, uliowatoa watu kwenye mazizi na kuwafikisha kijitoni, haukuwa wa mchawi wala wa mwizi. Ulikuwa wa redio hii. Tuliupiga sisi, bila shida yoyote, kwa kutafuta wasikilizaji. Bibi Kabula hakuita mtu. Alichomewa nyumba kwa kosa letu. Nikarudia yote tangu mwanzo, polepole, kwa ajili ya waliochelewa. Halafu Masanja akavuta kipaza sauti kwake akataja jina lake, la baba yake na la kijiji chao, akasema koo lililopiga mwano ni hili, na anayedai ng'ombe ajue pa kwenda. Lutema alikuwa nje ya mlango niliokuwa nimeufunga, anagonga kwa ngumi na kwa kiatu. Nilimwona kwa kioo akifungua mdomo, ila sponji na trei za mayai zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri siku hiyo.

Alitufukuza pale pale tulipofungua mlango. Kosa alilotutajia lilikuwa kutangaza kwa Kisukuma. Sikulia. Nilichukua kanga yangu na kikombe changu nikatoka, na Mama Sado, aliyekuwa ameketi na redio yake ndogo kando ya kinu, alinisimamisha akanijazia michembe kwenye kanga.

Baba yake Masanja alimpiga mwanawe makofi mawili, kisha akamkabidhi dume la ng'ombe. Tulilifikisha kijijini siku ya mkutano. Mtemi wa sungusungu, mzee mrefu mwenye koti la jeshi lililochakaa, alilipokea mbele ya watu, akamuuliza Masanja kama ni kweli, Masanja akasema ni kweli. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma kabisa, anatazama viatu vyake. Wazee wakaanza kujadili lile dume lichinjwe au litunzwe, na kwa kadiri nilivyowaelewa, kwao jambo lilikuwa limekwisha. Faini imelipwa, mwano umepata mwenyewe. Wengine walishaanza kutusalimu kwa furaha, “mhola, mhola,” na kutukaribisha togwa. Hakuna aliyeuliza habari za bibi.

Bibi Kabula alikuwa amekuja na binti yake kwa pikipiki. Alipita kando ya mkutano bila kusimama, akashuka hadi kwenye mji wake. Tulimfuata. Palikuwa na majivu yaliyonyeshewa na kushikana, mawe ya jiko, chungu kilichopasuka, na nguzo za kona zilizoungua hadi kiunoni. Alizunguka mara moja akiangalia. Kisha akasimama pale mlango ulipokuwa, akaweka kiganja kando ya mdomo, akapiga mwano.

Mwili wake mdogo sijui aliutolea wapi. Kule juu mkutanoni nikasikia mtu akiupokea, na mwingine, na wengine ng'ambo ya kijito, kisha miguu. Walikuja mbio wote, na fimbo na marungu, mtemi mbele, koti linapepea, kwa sababu hawakuwa na hiari. Wamelelewa hivyo na asiyekuja hutengwa. Walipofika wakamkuta amesimama peke yake kwenye majivu. Wakabaki wanahema, wanatazamana.

“Mmekuja,” alisema. “Siku ile nililia hivi hivi. Mlikuwa hapa hapa nilipo mimi, na hakuna aliyesikia.” Kijana mmoja aliyekuwa karibu nami alianza kurudi nyuma, na bibi akamwita kwa jina lake, jina la utotoni, akamwambia asimame. “Mwano huu una mwenyewe. Ni mimi. Nimechomewa nyumba. Aliyechoma yupo hapa, na sitamtaja, nyote mnamjua. Sitaki ng'ombe. Nataka miti, nataka nyasi, na nataka mtu wa kwanza kuingia porini awe yeye.”

Kisha kijana yule yule, na baada yake watu wawili wazima wenye mvi, walitoka kwenye kundi bila kumwangalia mtu usoni, wakaelekea porini na mapanga yao. Mtemi aliweka fimbo chini, akavua koti. Bibi Kabula hakushukuru mtu. Alitugeukia mimi na Masanja, tuliokuwa tumesimama pembeni kama wageni waalikwa, akatuonyesha kijito kwa kidevu.

“Na nyie wa redio, mnangoja nini? Tope la kuta linataka maji.”